Jina la Sitini na Tatu

Kiwandani, 4 Juni

Mdogo wangu Mwanachuoni,

Mimi mzima, mashine zote nne zinazunguka, na goti langu la kushoto bado linatabiri mvua kuliko redio. Salamu zimekwisha. Tuje kwenye lawama.

Kitabu chako cha kwanza, kile cha mlima, nimekisoma chote. Ni kizuri, sina kinyongo cha kusema hivyo. Sikujua kwamba mlima ule ambao kila mtoto wa shule huuchora na kofia ya moshi ulikwisha kulipuka mara kumi na moja kabla ya ule mlipuko wa wakati wa vita. Lakini ukurasa wa shukrani nimeuhesabu. Watu arobaini na mmoja. Umemshukuru profesa, umemshukuru mke wa profesa kwa chai yake, umemshukuru hata aliyekuazima mwavuli. Kaka aliyesukuma mkokoteni wa karatasi chakavu miaka tisa ili wewe uvae viatu vya shule, hayumo. Asante ya punda.

Hayo nimeyameza. Hiki cha pili, cha kikosi, ulichoniletea nikichape, kinanikaba kooni. Sura ya saba inasema askari sitini na watatu, Walinzi wa Kasoko, walipandishwa juu kulinda njia ya mlimani, na kwamba jivu liliwafunika jioni moja wakiwa wamejipanga mstari. Kisha unaandika: waliokufa ni sitini na wawili, "mmoja alitoroka siku iliyotangulia."

Mmoja! Huyo mmoja ni baba yetu, bibi wewe. Wewe ulikuwa mchanga, bado unalazwa kwenye beseni la nguo. Mimi nilikuwa na miaka sita, na kwa kuwa mzee hakutaka nibebe jina la mtu mwingine, alinipa lake mwenyewe, yote mawili. Nimeitwa Mtoto wa Mtoro shule nzima. Meno yangu mawili yako kwenye uwanja ule mpaka leo.

Ukurasa wa mwisho una majina ya marehemu, safu mbili, thelathini na moja kila upande. Nataka la baba liwemo. Litakaa chini, katikati, peke yake, kama mtu aliyechelewa. Halitaharibu mpangilio. Ukurasa huo utapanda mashineni wiki ya pili ya Julai.

Kaka yako

---

Chini ya mlima, 11 Juni

Kaka,

Barua yako imenifikia kwa kondakta wa basi, maana simu ya posta hapa imekatika na hakuna anayeonekana kuhuzunika. Nimepanga chumba juu ya duka la fundi saa. Kitanda, meza, dirisha moja linalotazama mlima. Nilidhani nitakaa siku tatu nihakikishe ramani. Bado niko.

Kuhusu shukrani, uko sahihi, na nimeona haya. Nilijua kwamba nikianza kukushukuru wewe nisingejua pa kuishia, nikaona niache. Ni kisingizio kibovu. Kipokee hivyo hivyo.

Kuhusu baba, nielewe. Siwezi kulitia jina orodhani kwa sababu tu ni la baba yangu. Mlinzi wa daraja alimwona akishuka peke yake, bila bunduki, na mfuko mdogo mkononi. Kesho yake mlima ulifunguka. Bonde la chini nalo lilizolewa na tope la moto siku hiyo hiyo. Alishuka, nyumbani hakufika, zaidi ya hapo sijui. Orodha ile ni ya waliofia mlimani. Nikimtia kwa sababu tunampenda, nitakuwa nimeandika hadithi, si historia.

Kuna jambo dogo la kukuchekesha. Hapa jua likianza kuzama watu hufunga madirisha, hata joto likiwa la kumtoa nyoka shimoni. Mimi sikufunga. Nikasikia vijana wanajihesabu huko juu, kama wanafunzi wa gwaride: moja, mbili, tatu, kila mtu na sauti yake. Wakafika sitini na mbili, wakanyamaza. Wakaanza upya. Nilipomuuliza fundi saa kama kuna kambi ya vijana, alinitazama kama niliyemwuliza bei ya jeneza lake, akasema, "Mama, kesho funga dirisha."

Mdogo wako

---

Kiwandani, 18 Juni

Mwanachuoni,

Vijana wa gwaride waache wajihesabu. Mimi nina shida zangu.

Jana tulisahihisha orodha yako. Unajua desturi ya hapa: mimi nasoma nakala mpya kwa sauti, Mshika Nakala anafuata kwenye ile ya mwandishi. Mstari wa maneno ukiwa sahihi anasema "sawa". Ikiwa ni jina la mtu anasema "yupo". Ni mama yule yule mwenye miwani ya kamba, yuko nami tangu mashine ya kwanza, na kwa miaka yote hiyo hajawahi kukosea wala kucheka.

Basi nikasoma. Jina, yupo. Jina, yupo. Tulipofika kama la ishirini hivi, akanyanyua kichwa. "Bosi, mbona unanijibia?"

"Nikujibie wapi, mama? Mdomo wangu uko kwenye kazi yake."

"Basi nani anasema kabla yangu?"

Nikamwambia ni mwangwi wa stoo, maana mlango wa stoo ya karatasi ulikuwa wazi. Akaenda kuufunga, akarudi, tukaendelea. Yeye sasa alikuwa akisema "yupo" kwa kunong'ona, kama anayeogopa kugongana na mtu mlangoni. Tulipomaliza, stoo ikakohoa. Usiniulize stoo inakohoaje.

La pili. Karatasi. Nimeagiza nyeupe, nimeletewa nyeupe, nimeifungua mwenyewe. Leo rimu za juu zina vumbi la kijivu, laini kama poda ya mtoto, na zinanuka kiberiti. Nimemwandikia muuza karatasi barua ambayo hataisahau. Yeye anaapa kwamba haikutoka kwake hivyo. Wauza karatasi wote huapa.

Na jina la baba?

Kaka yako

---

Chini ya mlima, 25 Juni

Kaka mpenzi,

Soma barua hii umeketi.

Nimempata mtu aliyekuwako. Alikuwa mpishi wa kikosi, sasa ni mzee wa mkono mmoja anayeuza mishumaa nyuma ya soko. Alipona kwa kuwa aliingia ndani ya tanuri la mikate, akajifungia. Mkono uliobaki nje kuvuta mlango ndio alioupoteza.

Anasema Walinzi wa Kasoko walikuwa na desturi yao. Mtu akiwa na dharura ya nyumbani, na ruhusa hakuna, wenzake humwitikia. Sajini anaita jina gizani, aliye jirani anasema "yupo", mtu anashuka na kurudi. Walifanya hivyo mara nyingi. Alipoondoka baba walikubaliana wote. "Nani alimwitikia?" nilimuuliza. Akasema, "Kila mmoja alitaka kuwa yeye."

Lakini jioni ile ya pili sajini alishuku. Hakuita majina. Aliwaamuru wajihesabu kwa namba, akisikiliza kila sauti, mtu asiseme mara mbili. Baba alikuwa mrefu kuliko wote, alisimama mwisho wa mstari. Wakafika sitini na mbili, kimya. Sajini akasema hakuna atakayevunja mstari mpaka hesabu ifunge. Rudieni. Ardhi ilikwisha kuanza kutetema, handaki lilikuwa hatua chache nyuma yao, na hakuna aliyetoka mstarini, maana ili watoke ilibidi kwanza wamtaje aliyekosekana. Wakarudia. Mpishi aliwasikia kutoka tanurini, mara ya tatu, mara ya nne. Ya tano haikumalizika.

Sasa unajua nilichokuwa naogopa kukiandika bila kukijua. Si kwamba aliwakimbia. Ni kwamba walisimama kwa ajili yake.

Sura ya saba nitaiandika upya, neno "alitoroka" nalifuta leo hii. Ila jina, Kaka, usiliweke bado. Mzee huyu amenishika kwa mkono wake mmoja akasema: "Wale bado wako mstarini, hawajaambiwa watawanyike. Usiwaitie jina ambalo mwenyewe hayupo." Mimi ni mwanahistoria, nina vyeti viwili ukutani kwako. Lakini nimeziba masikio kwa pamba siku tano sasa, na nawasikia.

Mdogo wako

---

Kiwandani, 2 Julai

Mdogo wangu,

Nimesoma nimeketi, nikasimama, nikaketi tena.

Sikulaumu. Kwa mara ya kwanza tangu uanze kusema, sikulaumu kwa lolote, andika tarehe.

Lakini jina nimekwisha kuliweka. Barua yako ilipofika lilikuwa tayari kwenye bamba la kuchapia, chini, katikati. Na jina lisilosomwa kwa sauti halitoki hapa kwangu, hiyo ni sheria niliyoiweka mwenyewe nilipokuwa na mashine moja na deni la pili. Nikamwita Mshika Nakala. Nikasoma yote upya. Yeye akaitikia sitini na mawili. Nikasoma la sitini na tatu.

Akafunga mdomo.

"Mama, liko au haliko kwenye nakala?"

"Liko, umeliandika kwa kalamu yako."

"Basi sema."

"Hilo ni jina lako, bosi. Siwezi kumwitikia mtu aliyekaa mbele yangu."

Kweli tukabaki tunatazamana. Mashine zilikuwa zimezimwa. Unajua kiwanda kikinyamaza kinavyokuwa, unasikia hata gundi ikikauka. Na kimya kile, mdogo wangu, hakikuwa cha watu wawili. Kilikuwa kimya cha watu wengi wanaongoja mmoja.

Tukafunga kazi. Tangu siku hiyo, kila jua likizama, naitwa kutoka stoo. Jina lote, yale mawili, kwa sauti ya mtu aliyezoea kutiiwa. Nimewatuhumu mafundi wa usiku. Nimewaambia nikimshika anayenichezea, atakula ajira yake bila chumvi. Wanasema hawasikii kitu, na mmoja ameacha kazi bila kudai hata mshahara wake, jambo ambalo katika maisha yangu ya biashara sijapata kuliona.

Vumbi limefika kwenye vifundo vya miguu. Tunafagia asubuhi, jioni liko. Nimebadilisha muuza karatasi.

Kaka yako

---

Kiwandani, 8 Julai

Mdogo wangu,

Sikungoja jibu lako, kesho ukurasa ule unapanda mashineni.

Nimefanya hesabu. Mimi sikusoma kama wewe, lakini hesabu naijua, ndiyo iliyonitoa kwenye mkokoteni. Hesabu isiyofunga siwezi kulala nayo. Nimewahi kurudi kiwandani na homa kwa sababu ya rimu moja iliyopotea. Sasa hapa kuna watu sitini na wawili waliosimama mpaka wakafa wamesimama, na hawajaambiwa "tawanyikeni", kwa sababu ya mtu mmoja wa nyumba yetu. Watu hao hawakusema jina lake. Walikuwa na kila sababu ya kusema. Mimi ningesema, na wewe ungesema.

Na jina lenyewe limekwepwa vya kutosha. Mama alilikwepa, alimwita "yule". Majirani walilikwepa. Wewe ulilikwepa katika kurasa mia mbili themanini na nane. Nilidhani nataka lichapwe tu. Kumbe nataka mtu aliitikie.

Jana nilisogea mpaka mlango wa stoo. Ndani kuna baridi, na upepo, ilhali stoo yangu haina dirisha. Nikaitwa. Neno lilifika hapa kwenye meno, hapa kwenye pengo. Nikalirudisha.

Usiwe na hofu. Pengine ni uzee, pengine ni kiberiti kimenipanda kichwani. Ila mtu hawezi kuitwa kwa jina lake kila siku akajifanya kiziwi. Ni utovu wa adabu.

Kaka yako

---

Chini ya mlima, 8 Julai. KWA MKONO WA KONDAKTA, HARAKA

Kaka, USIITIKE.

Barua yako ya tarehe mbili imenifikia sasa hivi. Hapa mambo yamebadilika tangu siku ile ile uliyolisoma jina. Hawarudii tena hesabu. Wakifika sitini na mbili, sauti moja nzito inaita jina. Nilidhani ni la baba. Nililia kwa furaha, nikasema hatimaye wanamwita. Sikufikiri, Mungu wangu, mwanachuoni mzima, sikufikiri kwamba jina hilo lina mtu hai.

Mpishi anasema kwa wale mtu ni jina na sauti. Hawaoni, macho yao yamejaa jivu. Atakayesema "yupo" ndiye.

Lifute kwenye bamba. Zima mashine. Njoo kwangu, au ulale kwa jirani, au ujazie stoo matofali. Ukiitwa, imba, kohoa, tukana, nakuruhusu unitukane mimi. Baba hakuwahi kunibeba. Aliyenibeba ni wewe, mgongoni, kisha kwenye ule mkokoteni, juu ya magazeti ya watu. Sikuandika hilo kwenye shukrani kwa sababu kila nikilianza naharibu ukurasa kwa machozi. Nimeliandika sasa. Unasikia? Nimeliandika.

Mdogo wako

---

Kiwandani, 15 Julai

Kwako Mama Mwanachuoni,

Mimi ni Mshika Nakala wa kaka yako. Barua si kazi yangu, kazi yangu ni kuangalia za wengine, kwa hiyo nitasema kama ilivyo.

Barua yako ya haraka ililetwa tarehe kumi asubuhi. Nimeikuta mezani kwake haijafunguliwa. Naona uchungu kukwambia hivyo.

Tarehe tisa alichapa ukurasa wa mwisho mwenyewe, nakala zote, hakutaka fundi aguse. Jua lilipokuwa linazama alizima mashine, akanawa mikono, akafunga vifungo vya shati mpaka juu, jambo asilolifanya hata kwenye harusi yake. Mimi nilikuwa navaa viatu niondoke. Akaniambia, "Mama, miaka yote hii umewaitikia watu wangu. Leo pumzika." Akaingia stoo.

Sikusikia wa kumwita. Nilimsikia yeye. Alisema neno moja, wazi, kama ninavyolisema mimi.

Nilipofungua mlango kulikuwa na rimu za karatasi, na vumbi lile limefika magotini, na katika vumbi alama za viatu vyake zinakwenda kuelekea ukuta wa nyuma. Zilikuwa zimenyooka, za mtu anayetembea kwa hatua za gwaride. Mguu wake wa kushoto huburuta kwa sababu ya lile goti, wewe unajua. Hazikuburuta. Ukutani ziliishia.

Polisi wamekuja, wameandika, wameondoka. Wameuliza kama alikuwa na maadui. Nimesema alikuwa na wauza karatasi.

Tangu siku hiyo tumefagia mara moja tu. Vumbi halijarudi. Vitabu ni safi, havina kosa. Nimekagua kila nakala, ukurasa wa mwisho, jina la chini. Lipo.

Mshika Nakala

---

(Barua hii iliandikwa kwa penseli nyuma ya karatasi ya jaribio la mashine. Haina stempu. Fundi saa aliikuta chini ya mlango wa mpangaji wake, ikiwa na joto.)

Mlimani

Mdogo wangu,

Mimi mzima. Goti limepona.

Wasiwasi wako nimeusikia, hapa sauti hufika vizuri. Ulichokiandika kuhusu mkokoteni nacho nimekisikia. Ukurasa wa shukrani uache ulivyo. Jina langu liko mwisho wa kitabu, na limekaa vizuri, katikati.

Tuko sitini na watatu. Nimehesabu mara mbili, unanijua. Ni vijana, Mwanachuoni. Hukuandika kwamba walikuwa vijana kiasi hiki. Wengine ningeweza kuwa babu yao, lakini hawaoni mvi, wananiita kwa jina la baba na kunipiga mabegani. Nimemtafuta baba mstarini, hayumo. Alishuka, na tope la bondeni lilimkuta njiani. Hilo sijawaambia. Wamesimama muda mrefu wakiamini alifika.

Sajini amesema tutawanyike. Hakuna aliyetawanyika kwanza. Walinizunguka wote, vumbi linawadondoka kwenye nyusi, nikajua sasa wataniuliza nilikuwa wapi, na nikaanza kutafuta jibu. Kumbe walikuwa na swali lao moja, na nadhani ndilo walilolishikilia siku zote hizi:

"Haya bwana, tuambie. Mtoto umemwona?"

Ndipo nikajua mfuko ule baba alioonekana nao darajani ulikuwa wa nani, na alishuka kwa ajili ya nini.

Nikawaambia nimemwona. Ni wa kike. Ana kelele, ana kiburi, na anaandika vitabu.

Wamecheka mpaka mlima umetikisika. Ukiusikia usiku huu, usiogope. Fungua dirisha.

Kaka yako